Gitaa Linalochongwa kwa Sikio

Mada yetu leo ni mafundi wa magitaa, na ninawazungumzia wale wasio na kiwanda: mtu mmoja kwenye karakana yake, ana patasi, randa na jiliwa, na analitoa gitaa la jazi kwenye ubao mtupu mpaka siku ya kufunga nyuzi. Wengi wao wako Marekani na Kanada, na kazi yao ina umri wa miaka mia moja hivi. Ninayo hoja moja, na nitaizunguka mpaka muda wetu uishe. Kiini cha kazi hii ni kujua pa kuachia kuchonga, na ujuzi huo mtu huupata kwa kukaa karibu na aliye nao, au angalau kwa kukaa miaka na kazi ya mikono yake.

Gitaa ambalo wengi wetu tumelishika, lile la kanisani au la shuleni, uso wake ni ubao bapa, mwembamba, wenye tundu moja la duara. Daraja la nyuzi limegundishwa papo hapo juu ya uso. Gitaa la jazi ninalolisema ni ndugu wa fidla. Uso wake umebinuka, mgongo umebinuka, na badala ya tundu la duara lina matundu mawili yenye umbo la herufi f, moja kila upande. Daraja halina gundi hata chembe. Limesimama juu ya uso kwa kushindiliwa na nyuzi, na nyuzi zenyewe zimefungwa nyuma kwenye kipande kinachoitwa mkia. Ukizilegeza nyuzi zote, daraja linadondoka.

Mbinuko ule haukupatikana kwa kuulowesha ubao na kuukunja. Umechongwa. Fundi huanza na kipande cha sprusi, mti wa nchi za baridi wa jamii ya misonobari, kilichopasuliwa kwa umbo la kabari. Anakipasua tena katikati na kuviweka vile vipande viwili ubavu kwa ubavu, ili mistari ya mti upande huu ilingane na ya upande ule, kisha anavigundisha. Hapo katikati ubao una unene wa karibu inchi moja. Anaanza na upande wa nje kwa patasi ya mviringo, akiondoa vipande vinene, halafu anahamia kwenye vijiranda vya shaba, vingine vidogo kuliko dole gumba. Nje ikikaa sawa anaugeuza ubao na kuchonga ndani. Mwisho wa kazi, katikati chini ya daraja pamebaki unene wa milimita 6 hivi, na kuelekea pembezoni unapungua hadi kama 3. Katika hizo milimita tatu za tofauti ndimo fundi mmoja anamoachana na mwenzake. Sehemu kubwa ya ubao alioununua ghali iko sakafuni, imekuwa maranda.

Katika hatua za mwisho anaiweka randa chini kila baada ya muda. Anaushika ubao kwa vidole viwili karibu na ukingo, anaacha uning'inie, na kuugonga kwa kifundo cha kidole kama mama sokoni anavyogonga tikiti. Ubao mnene hujibu kwa sauti fupi na kavu. Ukiendelea kupunguzwa, sauti inashuka na kurefuka, na inafika mahali ubao unaimba wenyewe mkononi. Mikwaruzo michache zaidi na umelegea: noti za chini zitavuma bila kiini, na uso hautastahimili mzigo. Mzigo wenyewe si mdogo, kwa sababu nyuzi sita nene za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 70, na sehemu ya nguvu hiyo inalikandamiza daraja usiku na mchana, miaka hamsini, miaka tisini. Kwa hiyo fundi anatafuta ubao mwembamba wa kutosha kutetema na mnene wa kutosha kubeba. Vipimo vya jana havimsaidii sana, kwani hakuna mbao mbili zinazofanana, hata zikitoka kwenye gogo moja. Anayefuata vipimo peke yake atapata gitaa zuri mara moja, na mara ya pili atapata sanduku.

Chini ya uso, kwa ndani, hugundishwa papi mbili za sprusi kutoka upande wa shingo kuelekea mkia. Nazo huchongwa zifuate mbinuko kwa usahihi kiasi kwamba karatasi haipiti kati. Mgongo na mbavu za gitaa ni mti wa mepo, mgumu zaidi, wenye mawimbi ya rangi yanayocheza ukiugeuza kwenye mwanga. Ubao wa kukanyagia vidole ni abunusi, nao nitaurudia baadaye kwa sababu unatuhusu.

Aliyeanza kuchonga namna hii Marekani ni Orville Gibson wa Kalamazoo, jimbo la Michigan. Alipewa hataza mwaka 1898 kwa mandolini ya kuchongwa, na mwaka 1902 ikaanzishwa kampuni yenye jina lake. Lakini gitaa tunalolisema leo lilikamilika mwaka 1922, wakati mwanamuziki na mbunifu Lloyd Loar alipokuwa akifanya kazi kwenye kampuni hiyo. Liliitwa L-5, lina upana wa inchi 16, na Loar alitia saini yake kwenye lebo zilizobandikwa ndani. Mauzo hayakumfurahisha mtu, na Loar akaondoka mwaka 1924. Bendi za wakati huo zilikuwa bado za banjo. Banjo ilikuwa na kelele ya kutosha kushindana na tarumbeta, na gitaa bapa halikusikika kabisa. Miaka michache baadaye wapigaji kama Eddie Lang wa Philadelphia walionyesha kwamba gitaa la kuchongwa linapenya katikati ya vyombo vya kupuliza, na kwa sauti laini kuliko banjo. Banjo zikawekwa kabatini, na kila mpigaji akataka L-5 au kitu kinachofanana nayo.

Hapa ndipo anapoingia mtu ambaye kwangu ndiye baba wa mafundi wote wa kujitegemea wa kazi hii, John D'Angelico. Alizaliwa New York mwaka 1905 katika familia ya wahamiaji wa Kiitalia, na akiwa na miaka tisa alipelekwa kujifunza kazi kwa ndugu wa babu yake, Raphael Ciani, aliyetengeneza fidla, mandolini na magitaa. Ciani alipofariki, kijana yule akaachiwa kuisimamia karakana, na akagundua kwamba hapendi kusimamia watu. Alitaka kuchonga. Mwaka 1932 akafungua duka lake mwenyewe, namba 40 mtaa wa Kenmare, mtaa wa Waitalia, mjini New York.

Mwaka 1932 Marekani ilikuwa katikati ya mdororo mkubwa wa uchumi. Watu walipanga foleni za mkate, na huyu bwana anafungua karakana ya magitaa ghali ya kutengenezwa kwa mkono. Nimewahi kuliwaza sana jambo hilo, na jibu ninaloliona ni kwamba wateja wake walikuwa karibu. New York ilikuwa imejaa wanamuziki wa redio, wa hoteli, wa kumbi za dansi, na kwao gitaa lilikuwa chombo cha kazi kama msumeno kwa seremala. Mpigaji aliingia dukani, akaeleza anapiga na bendi ya watu wangapi, vidole vyake vina urefu gani, anataka shingo nene au nyembamba, sauti kali au ya mviringo. Kiwanda kilichoko Michigan hakikuweza kumsikiliza hivyo. D'Angelico aliweza, kwa sababu aliyepokea maelezo ndiye aliyeshika patasi.

Magitaa yake ya mwanzo yaliifuata L-5 kwa karibu. Hakuona aibu kuiga, na mimi sioni kosa. Baadaye akapanua mwili, akabadili papi za ndani, akapata umbo lake. Mawili kati ya aina zake ndiyo yaliyovuma zaidi: Excel, lenye upana wa inchi 17, na New Yorker, la inchi 18, ambalo kichwani limenakshiwa ghorofa refu kwa lulumizi, na mkia wake ni wa shaba uliokatwa ngazi ngazi. Ni gitaa lililovaa kama mji wenyewe ulivyovaa miaka ya 1930. Wapigaji kama Johnny Smith na Chet Atkins walimiliki kazi zake, na Mel Bay, ambaye vitabu vyake vya mafunzo vimefundisha mamilioni ya watu kushika gitaa, alikuwa na New Yorker yake.

D'Angelico aliandika namba za magitaa yake kwenye daftari. Namba zinafika 1,164. Gawanya kwa miaka 32 ya duka lile, unapata magitaa 36 hivi kwa mwaka, na alikuwa na msaidizi mmoja au wawili tu. Kiwanda kingeweza kutoa idadi hiyo kwa siku. Ila leo, gitaa la Kenmare likijitokeza mnadani, watu huuliza namba yake kwanza, wafungue orodha, wajue lilitengenezwa mwaka gani na mara nyingine hata liliuzwa kwa nani.

Wakati huohuo ulimwengu ulikuwa unabadilika nyuma yake. Mwaka 1936 Gibson walitoa ES-150, gitaa la kuchongwa lililotiwa kinasa sauti cha sumaku. Mwaka 1939 kijana Charlie Christian akaingia nalo kwenye bendi ya Benny Goodman, na kuanzia hapo gitaa likawa na uwezo wa kupiga solo kama saksafoni. Christian alifariki mwaka 1942, akiwa na miaka 25 tu, na kila mpiga solo duniani bado ana deni kwake. Lakini umeme ulileta swali gumu kwa wachongaji. Kama sauti inanaswa na sumaku na kupandishwa na amplifaya, milimita zile zina faida gani? Viwanda vilijibu haraka. Mwaka 1949 Gibson wakatoa ES-175, gitaa la jazi ambalo uso wake ni wa mbao nyembamba zilizobandikwa tabaka juu ya tabaka na kukandamizwa kwenye kalibu. Lilikuwa rahisi kuzalisha, na jukwaani halikupiga mluzi ovyo mbele ya spika. Lilikuwa gitaa zuri, nalo limerekodi muziki mkubwa, sitalidharau. Lakini kwa uamuzi huo viwanda vilianza kuuacha ufundi wa kuchonga, na uliobaki ukawa mikononi mwa watu wachache wenye maduka madogo.

Mwaka 1952 kijana wa Brooklyn anayeitwa Jimmy D'Aquisto, mpenzi wa jazi wa miaka 17, akaajiriwa Kenmare. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufagia, kufuta madirisha na kutumwa. Kila aliyepitia uanagenzi anaijua hatua hiyo: mikono iko kwenye ufagio na macho yako kwenye meza ya mwalimu. Polepole akapewa kupiga msasa, kisha kuchonga kwa ukali wa mwanzo, kisha kumalizia. Mwalimu alipougua moyo, mikono ya mwanafunzi ndiyo iliyobeba sehemu kubwa ya kazi. D'Angelico alifariki tarehe 1 Septemba 1964, akiwa na miaka 59. Magitaa kumi ya mwisho kwenye daftari lake yalimaliziwa na D'Aquisto.

Hapo mwanafunzi alikuwa na njia rahisi. Wateja walitaka magitaa ya mwalimu, naye alijua kuyatengeneza kuliko mtu yeyote aliye hai. Kwa miaka mingi alifanya hivyo, akiongeza kidogo huku na kule. Alitengeneza kwa ajili ya wapigaji wa jazi kama Jim Hall na Joe Pass, na wakayasifu. Angeweza kuishia hapo, na jina lake lingebaki kwenye historia kama mfuasi mwaminifu.

Ninachomheshimia zaidi ni alichokifanya baadaye. Alianza kuondoa vitu. Mkia wa shaba uliokuwa fahari ya mwalimu wake aliutoa, akaweka wa abunusi, kwa sababu shaba ni nzito na uzito ule unaumeza mtetemo. Nakshi za lulumizi zikapungua, halafu zikaisha. Mapambo ya plastiki pembezoni yakaenda. Matundu ya herufi f aliyafungua yakawa mapana, yasiyo na vijipindo, na kwenye gitaa lake la mwisho mwisho, lililoitwa Advance, mpigaji aliweza kubadilisha vipande kwenye matundu ili abadili sauti. Kila alipoondoa kitu, gitaa likawa jepesi na sauti ikafunguka zaidi. Nadhani ilimchukua miaka ishirini na zaidi kupata ujasiri huo, na sidhani angeupata bila kuwa ametengeneza kwanza yale yenye shaba na lulumizi mamia ya mara. Alikuwa anajua kila kipande kilifanya kazi gani, hivyo alijua kipi kinaweza kuondoka. Wapo vijana wanaotaka kuanzia pale alipoishia yeye, na kazi zao zinaonyesha.

D'Aquisto alifariki mwezi Aprili 1995. Naye alikuwa na miaka 59, umri uleule wa mwalimu wake.

Na safari hii pia ujuzi haukuzikwa. Zaidi ya miaka kumi kabla ya hapo, fundi wa Toronto, Linda Manzer, aliyekuwa tayari ana jina kwa magitaa bapa, alipata ruzuku ya serikali ya Kanada akaenda kufanya kazi naye, kati ya mwaka 1983 na 1984, ili ajifunze kuchonga. Mtu mwenye wateja wake na jina lake anafunga duka na kurudi kuwa mwanafunzi! Mwaka 1984 huohuo alimtengenezea mpigaji Pat Metheny gitaa la nyuzi 42, ambalo picha yake wengi wenu mmewahi kuiona bila kujua fundi ni nani. Ninamtaja Manzer kwa makusudi kwa sababu karakana hizi zilikuwa za wanaume peke yao, na yeye ameacha alama ndani yake kwa kazi.

Wengine hawakupata mwalimu wa kukaa naye, wakajifunza kwa magitaa yenyewe. John Monteleone wa New York alianzia kwenye kukarabati vyombo vya zamani. Ukarabati ni shule ya kweli, maana unapolifungua gitaa la mtu aliyekufa unaona mahali mkono wake ulipopita, unapima alipoachia, na unaona pia alipokosea kwa sababu ndipo palipopasuka. Baadaye Monteleone alianza kuweka matundu ubavuni mwa gitaa, upande unaomwelekea mpigaji, ili naye asikie sauti ambayo siku zote huenda kwa watu walioko mbele. Mwaka 2011 jumba la makumbusho la Metropolitan mjini New York liliweka maonyesho ya kazi za D'Angelico, D'Aquisto na Monteleone pamoja, likizihusisha na mafundi wa kale wa Italia. Mwanamuziki Mark Knopfler naye ametunga wimbo wenye jina la Monteleone, kwenye albamu yake ya mwaka 2009.

Kuna kisa kimoja cha pembeni ninachokipenda. Katika miaka ya 1990 mkusanyaji mmoja, Scott Chinery, alikuwa na gitaa la D'Aquisto la rangi ya buluu. Alilipenda hata akawaagiza mafundi zaidi ya ishirini, kila mmoja amtengenezee gitaa la kuchongwa la inchi 18, la rangi ileile ya buluu. Mengine yote aliwaachia wenyewe. Yalipokusanywa, hakukuwa na mawili yanayofanana. Kuna lenye matundu marefu, kuna lenye matundu ya kona, kuna lisilo na matundu usoni ambako tumezoea kuyaona. Rangi ilikuwa moja na kipimo kimoja, lakini kila fundi alionekana waziwazi. Kwa anayetaka kuamini kwamba gitaa la mkono hubeba tabia ya mkono, sijui ushahidi mwingine ulio wazi kuliko huo.

Sasa nirudi kwenye mti. Wapo wanaoamini kwamba siri iko kwenye ubao adimu: sprusi ya mlima fulani, mepo ya nchi fulani, iliyokaushwa miaka arobaini. Bob Benedetto, aliyeanza kutengeneza magitaa haya mwaka 1968 na kuandika mwaka 1994 kitabu ambacho mafundi wengi wa leo wamejifunzia, aliwahi kulijibu suala hilo kwa vitendo. Alichukua msonobari wa kawaida wa kujengea nyumba, wenye mafundo, akautengenezea gitaa la kuchongwa. Gitaa likalia vizuri. Mafundo yanaonekana usoni mpaka leo. Seremala yeyote wa kwetu anajua kwamba ubao wenye mafundo hukwamisha randa na kuchanika, kwa hiyo anaelewa kazi ile ilidai mkono wa namna gani.

Somo hilo linatuhusu kwa sababu ya abunusi. Mkia wa D'Aquisto, ubao wa vidole wa karibu kila gitaa la thamani, mara nyingi na daraja lenyewe, vyote ni abunusi, na sehemu kubwa ya abunusi ya magitaa inatoka misitu ya Kameruni. Kwa miaka mingi wanunuzi walitaka ule mweusi tititi peke yake, usio na mstari wa kahawia. Weusi wa mti huo uko ndani na hauonekani mpaka ukatwe. Mwaka 2011 kampuni ya magitaa ya Bob Taylor ya Marekani, pamoja na wenzake wa Hispania, walinunua kiwanda cha mbao mjini Yaoundé, na Taylor akaeleza hadharani alichokikuta: kati ya miti kumi iliyokatwa, mmoja tu ulikuwa mweusi wote, na mingine iliachwa ioze porini kwa sababu ina mistari. Akatangaza kwamba watatumia abunusi yenye mistari. Naunga mkono kwa moyo wote. Mstari wa kahawia haubadilishi sauti hata kidogo. Kilichokuwa kinaangusha miti tisa ni jicho la mnunuzi, na mafundi wa kujitegemea, wanaoongea na mteja uso kwa uso, wana nafasi kuliko kiwanda chochote ya kumweleza hivyo.

Nasi tuna mpingo wetu wa Kilwa na Nachingwea, ambao ndio mti wa klarineti na obo za ulimwengu. Tangu mwaka 2017 biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali, kwa sababu jamii nzima ya miti unakotoka iliwekwa chini ya ulinzi wa mkataba wa CITES, ingawa vyombo vya muziki vilivyokamilika vililegezewa masharti baadaye. Mpingo huchukua miaka sabini na zaidi kufikia unene wa kukatwa. Ningependa sana siku moja kusikia kwamba kijana wa Lindi, badala ya kupakia gogo kwenye lori, amekaa karakanani na fundi, ameshika kijiranda cha shaba.

Muda unanibana, na sijamtaja mtu ninayetaka tumsikilize. Lakini kwanza waliotengeneza gitaa lake: Boston kulikuwa na baba na mwana, Charles na Elmer Stromberg. Baba alihamia kutoka Uswidi, wakaanza na ngoma na banjo, kisha Elmer akahamia kwenye magitaa. Kubwa kuliko yote aliliita Master 400. Lilikuwa na upana wa inchi 19, yaani kubwa kuliko New Yorker, na chini ya uso, badala ya papi mbili, aliweka moja tu iliyokatiza mshazari. Wanaoyajua wanasema hakuna gitaa lisilo la umeme lililowahi kupenya bendi kubwa kama hilo. Mwaka 1955 baba na mwana walifariki wakipishana miezi michache. Hakukuwa na mwanagenzi. Karakana ikafungwa, na kilichobaki ni magitaa yenyewe, mia sita na kitu.

Mmoja wa waliolipiga Master 400 ni Freddie Green, mpiga rithimu wa bendi ya Count Basie. Aliingia kwenye bendi mwaka 1937 akakaa humo mpaka alipofariki mwaka 1987, miaka hamsini. Solo hakuzitaka. Amplifaya hakuitumia. Alizinyanyua nyuzi zake juu mno kutoka kwenye ubao wa vidole, kiasi kwamba wengine wakilijaribu gitaa lake walishindwa kuzikandamiza, na akapiga midundo minne kila kipimo, usiku baada ya usiku. Mara nyingi hata kodi yenyewe haikutoka nzima, ilisikika noti moja ya uzi wa nne tu, lakini bendi nzima, ngoma, besi, tarumbeta zote, ilikaa juu ya noti hiyo.

Nimeleta wimbo wao "Li'l Darlin'", uliotungwa na Neal Hefti na kurekodiwa mwaka 1957. Umepigwa polepole sana, na ndiyo maana nimeuchagua, kwani kwenye mwendo wa taratibu hakuna mahali pa kujificha. Vyombo vya kupuliza vitayavuta masikio yenu kwanza, viacheni vipite. Sikilizeni chini yake, pamoja na besi, mtasikia kitu kama pumzi fupi kwenye kila pigo, kinakuja na kuondoka mara moja. Hilo ni gitaa la kuchongwa, halina waya wowote, linapigwa katikati ya watu zaidi ya kumi na tano. Fundi mitambo, tuwekee.